Kuosha nywele saluni si kazi ya kudharauliwa

JUMATANO moja jioni mwezi uliopita, mpwa wangu aliingia nyumbani, akautupa mkoba wake juu ya kochi na kutangaza kwamba harudi kazini tena.

“Anti, mama hakuuza ng’ombe ili mimi nije Nairobi kuosha vichwa vya watu,” akasema, machozi yakimlengalenga.

Msomaji, maneno hayo yalinichoma, kwani ng’ombe huyo nilimjua. Dada yangu alimuuza kule Kakamega ili binti yake, aliyemaliza Kidato cha Nne na kukosa alama za kumpeleka chuo kikuu, apate karo ya chuo cha ususi na urembo. Baada ya masomo alipata nafasi ya uanagenzi katika saluni moja mtaa wa pili kutoka kwetu. Matumaini yetu sote yalikuwa kwamba angejifunza kazi, afanye mtihani wa ufundi wa NITA, na siku moja afungue saluni yake mwenyewe.

Lakini kwa miezi mitatu hakuwa ameshika chanuo wala rola. Kazi yake ilikuwa kufagia, kufua taulo na kuosha nywele za wateja. Wenzake waliomtangulia walisuka, walipaka dawa na kuseti nywele. Yeye alisimama penye sinki kuanzia asubuhi hadi jioni, mikono ikichunika.

Hayo angeyavumilia. Kilichomtoa machozi siku hiyo ni simu iliyopigwa na mteja aliyekuwa amelainishwa nywele kwa dawa siku iliyotangulia. Mama huyo alilala akihisi moto kisogoni, akaamka na malengelenge. Dawa ilikuwa imebakia kwenye mizizi ya nywele, na aliyemwosha alikuwa mpwa wangu. Mwenye saluni alimwambia waziwazi kwamba akikosea tena namna hiyo, atafute kazi kwingine.

Sikumjibu kitu. Nilitia maji moto kwenye ndoo, nikavuta kiti hadi kwenye sinki ya jikoni, nikaketi na kumwambia: “Hebu nioshe nywele jinsi unavyowaosha wateja.”

Dakika tano zilinitosha kuelewa. Kopo la kwanza la maji liliniunguza, la pili likanitia baridi. Kucha zilinikwaruza utosini. Ukingo wa sinki ulinikata shingo. Povu liliniingia jichoni, maji yakateremka mgongoni, na simu yake ilipolia aligeuka kuitazama, mkono mmoja ukiwa kichwani mwangu. Alinisugua kama mtu anayesugua sufuria iliyoshika ukoko. Alipomaliza, nilipitisha kidole nyuma ya sikio langu. Kilitoka na povu.

Nilimwonyesha kidole hicho. Hakusema neno, nami sikuongeza.

Kuosha ndiyo kazi yenyewe

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka kwa mama mmoja mwenye saluni karibu na Kenyatta Market, pale ambapo wanawake wa Nairobi wamekuwa wakisukwa nywele kwa miaka mingi. Mama huyo amenitengeneza nywele tangu nilipokuwa chuoni. Kila ninapoondoka kwake huwa nimepumzika kama aliyetoka likizo, na kwa muda mrefu sikuwa nimejiuliza ni kwa nini.

“Mtindo unaweza kuharibiwa na mvua kabla mteja hajafika kituo cha matatu,” alimwambia mpwa wangu. “Lakini jinsi ulivyomshika kichwa, hiyo hawezi kuisahau.”

Ukweli ni kwamba wengi wetu tunaichukulia kazi ya kuosha kama mlango tu wa kuingilia kazi nyingine. Ndiyo sababu huachiwa mwanagenzi ambaye hata hajaelezwa afanye nini. Kumbe neno shampuu lenyewe lina mafunzo. Asili yake ni lugha ya Kihindi, na maana yake ya kwanza haikuhusu sabuni wala nywele. Lilihusu kubonyeza na kukanda mwili.

Mtu aliyelipa umaarufu neno hilo kule Uingereza ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, India, mwaka wa 1759. Mnamo 1814 alifungua nyumba ya kuogea katika mji wa Brighton, ambako wateja walikaa kwenye mvuke kisha wakakandwa viungo. Sifa zake zilivuma hadi akawahudumia wafalme wawili, George wa Nne na William wa Nne. Ni baadaye katika karne hiyo ya 19 ambapo neno hilo lilianza kutumiwa kwa kuosha nywele. Kwa hivyo, anayemwaga shampuu na kuisuuza bila kukanda kichwa amefanya nusu ya kazi.

Haya basi, nusu zote mbili zinafanywaje?

Kabla ya kugusa maji

Anza na mikono yako. Kata kucha, vua pete na saa. Kisha ufumue nywele za mteja na kuzichanua polepole kuanzia kwenye ncha kuelekea kwenye mizizi, kwa chanuo lenye meno mapana. Nywele zilizosokotana zikishapata maji huzidi kushikana, na mteja ndiye atakayelia.

Ukichanua, tazama ngozi. Je, kuna vidonda, mba mzito, chawa au punye? Ukiona mviringo wenye magamba ambapo nywele zimekatika, usiendelee na wala usipaze sauti saluni nzima ikasikia. Mwinamie mteja, umweleze kwa upole amwone daktari. Punye za kichwani haziishi kwa shampuu. Huhitaji dawa za kumeza, na huambukizwa kwa taulo na vitana. Ndiyo maana kanuni ya taulo moja kwa mteja mmoja haina mjadala, hata maji yakiwa haba namna gani.

Halafu mfunike. Ingiza taulo ndani ya kola ya nguo yake kuzunguka shingo yote, kisha plastiki juu yake. Mteja anayeogopa kulowa blauzi ya kuendea harusi hawezi kutulia hata umkande kwa mikono ya malaika.

Shingo si mti

Hapa nakuomba, msomaji, usome polepole. Mwaka wa 1993, daktari mmoja wa Marekani wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, Michael Weintraub, aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo kuhusu wanawake watano walioshikwa na dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni. Kisa chenyewe ni jinsi shingo ilivyokunjwa nyuma juu ya ukingo wa sinki. Kuna mishipa ya damu inayopita ndani ya mifupa ya shingo kwenda sehemu ya nyuma ya ubongo, na shingo ikipindwa sana mishipa hiyo yaweza kubanwa au kujeruhiwa.

Sisemi haya ili watu waogope saluni, kwani mambo hayo hutokea kwa nadra. Lakini kinga yake haina gharama. Kunja taulo nene uiweke kwenye ukingo wa sinki. Mteja ateleze mbele au nyuma kitini hadi shingo yake ilale, isining’inie. Unapoosha kisogo, inua kichwa kwa kiganja chako, usikisukume chini. Na kama mteja ni mzee, ana shida ya shingo, au anasema anahisi kizunguzungu, msimamishe mara moja. Mwoshe akiwa ameinama mbele, kitambaa kikavu kikiwa machoni.

Maji na mikono

Katika mitaa yetu mingi mfereji hukauka, na saluni huendeshwa kwa mitungi na maji yaliyochemshwa kwa birika. Hilo si aibu. Aibu ni kumwagia mtu maji ya birika moja kwa moja ukidhani yatapoa njiani. Changanya kwenye ndoo kwanza, uyapime kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako kama mama anavyopima uji wa mtoto. Yawe vuguvugu. Anza kumwaga nyuma ya kichwa, si kwenye paji, na umwulize: “Maji yako sawa?” Unapofika mbele, weka mkono wako pajini kama ukuta ili maji yasishuke usoni. Ukifika kwenye masikio, yafunike kwa kiganja.

Usimimine shampuu moja kwa moja utosini. Itie kiganjani, uisugue kwa mikono miwili, kisha uipeleke kwenye ngozi ya kichwa. Uchafu, jasho na mafuta hukaa kwenye ngozi. Nywele zenyewe husafishwa na povu linaloteremka. Mara ya kwanza povu litakuwa kidogo kwa sababu ya mafuta na vumbi. Suuza, urudie. Mara ya pili povu litafura, na hapo ndipo raha huanzia.

Tumia nyama ya ncha za vidole, kamwe si kucha. Siri aliyotuonyesha yule mama ni kwamba vidole havitelezi juu ya nywele. Hukaa mahali pamoja na kuisogeza ngozi yenyewe juu ya fuvu, mzunguko mdogo mdogo, kisha vinahamia mahali pengine. Anza kwenye paji, nenda kwenye panja, juu ya masikio, utosini, halafu umalizie kisogoni pale ambapo shingo inaungana na kichwa. Pale kaa zaidi. Mwanamke aliyebeba mtoto, mizigo au mawazo wiki nzima, uchovu wake huwa umejikusanya pale.

Usiharakishe, wala usibadilishe mwendo kila mara. Mikono miwili ifanye kazi pamoja, na kama ni lazima uchukue kitu, uache mmoja kichwani mwa mteja ili ajue hujamtupa.

Je, uzungumze? Uliza maswali matatu tu: maji yakoje, shingo iko sawa, na kuna mahali panawasha au panauma? Baada ya hapo mfuate mteja. Akizungumza, mjibu. Akifumba macho, nyamaza. Na simu yako iwe mbali. Hakuna jambo linalomkera mteja kama kusikia umbea wa mtaa ukipigwa juu ya uso wake huku matone yakimdondokea.

Pale dawa inapojificha

Sasa turudi kwa yule mama aliyeungua. Dawa ya kulainisha nywele ni kali. Katika kipimo cha pH, maji safi ni 7 na ngozi ya kichwa ni kama 5.5. Dawa hizo hufika 12 na zaidi. Baadhi yake zina sodiamu haidroksaidi, kemikali iyo hiyo inayotumiwa kutengeneza sabuni na kuzibua mabomba. Kitu cha namna hiyo kikibakia kwenye ngozi usiku kucha, hakitalala hata kama mteja amelala.

Kwa hivyo, dawa ikishapata muda wake, kazi ya kwanza si shampuu. Ni maji, mengi, hadi utakapoona yanateremka safi bila utelezi. Ndipo ije shampuu maalumu ya kuzima makali ya dawa, mara mbili au tatu, ukiiacha kidogo kila mara kama maelezo ya chupa yanavyosema. Nyingine hutoa povu la rangi ya waridi maadamu dawa ingalipo, na povu likiwa jeupe ndipo umemaliza. Kagua kwa vidole mahali pale ambapo dawa hupenda kujificha: nyuma ya masikio, kwenye panja na kisogoni. Kisogo hakionekani mteja akiwa amelala, ndiyo maana husahauliwa.

Mteja akisema anaungua, usimwambie avumilie ili nywele zinyooke vizuri. Suuza papo hapo. Aidha, usimwoshe wala kumkwaruza kichwa siku hiyo hiyo kabla ya kumpaka dawa, kwani mafuta ya asili ya ngozi ndiyo ngao yake. Nanyi wateja, msijikune usiku wa kuamkia siku ya dawa halafu mkamlaumu msusi.

Kwa aliyesukwa, mambo ni mengine. Changanya shampuu na maji kwenye chupa, uipitishe kwenye mistari ya ngozi, ukande taratibu na kusuuza kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inahitajika. Kisha kamua kwa taulo na uhakikishe nywele zimekauka hadi ndani. Nywele zilizosukwa zikifungiwa unyevu hutoa harufu.

Malizia kwa kondishona, hasa kwenye ncha za nywele ambazo ndizo kongwe na dhaifu. Iache dakika chache, suuza, na ukaushe kwa kubonyeza taulo. Kusugua kwa taulo hukata nywele. Kabla ya kumwinua mteja, futa masikio na shingo yake. Mwinue polepole, umwache aketi kidogo kabla ya kusimama.

Kwa wenye saluni na wazazi

Wenye saluni nao wana lao la kujibu. Yule mwanagenzi unayemwacha penye sinki siku nzima, je, umemwonyesha kazi hata mara moja? Umemnunulia glavu? Mikono inayolowa shampuu kuanzia asubuhi hadi jioni hukauka, hupasuka na kuwasha, na wapo mafundi wazuri walioacha kazi hii kwa sababu ya ngozi. Glavu, taulo ya kukausha katikati ya vidole na mafuta ya kujipaka kila baada ya wateja kadhaa si gharama kubwa ukilinganisha na mteja mmoja aliyehama.

Na kwa wazazi, kijana wako anaporudi akilalamika kwamba amepewa kazi duni, usikimbilie kumtetea wala kumkemea. Mwambie akuonyeshe anavyoifanya. Yamkini utagundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba hakuna aliyemfunza.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mkiwa mnangoja matokeo, kumbukeni kwamba aanzaye ufundi huanza na kile ambacho mafundi wakubwa hawataki kufanya. Ukikifanya vizuri kuliko wao, wateja wataona kabla ya bosi kuona.

Mpwa wangu alirudi kazini Jumatatu. Jambo la kwanza alilofanya, kwa hiari yake, ni kumpigia simu yule mama aliyeungua kumwomba msamaha. Kila jioni kwa wiki nzima alinifanyia mazoezi mimi, na watoto wangu wawili wakapanga foleni nyuma yangu, hata yule mdogo ambaye kwa kawaida hukimbia akiona maji.

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika saluni yao, nikingoja zamu yangu, mama huyo alipoingia. Kisogo kilikuwa kimepona. Hakutaka dawa, alitaka kuoshwa tu. Alipoelekezwa penye sinki na kumwona nani amesimama pale, alisita. Kisha akaketi, mabega yakiwa yamekakamaa, mikono imeshika kiti.

Mpwa wangu alikunja taulo, akaiweka chini ya shingo yake. Akamwaga maji kidogo. “Mama, maji yako sawa?” akauliza. Mama akaitika kwa kichwa. Alipofika kwenye kisogo, aliinua kichwa kile kwa kiganja cha mkono wa kushoto, taratibu, akasuuza, akakagua kwa vidole, akasuuza tena.

Kabla ya povu la pili kuisha, mikono ya mama ilikuwa imeachia kiti. Nilisikia pumzi nzito, nikajua amelala. Hakuna aliyecheka. Hata redio ilipunguzwa sauti.

Alipoamshwa na kukaushwa, alijitazama kwenye kioo, akapitisha vidole vyake polepole nyuma ya masikio, akavinusa. Akafungua mkoba, akalipa. Alipofika mlangoni aligeuka na kumwuliza mpwa wangu: “Jumamosi ijayo utakuwapo?”

“Nitakuwapo, mama,” akajibu.

Hadi Jumapili ijayo, tutunzane.